Achia na Wachia

Ijumaa ya mwanzo ya mwezi wa Machi, mwaka 1998, timu ya mtaa wetu hapa Ibra, Omani, ilifungwa moja bila na timu ya Bidiya, na kombe la timu za mitaa tukalikosa. Ilikuwa mechi kubwa ya kwanza tangu kufa kaka yangu, ambaye ndiye aliyeianzisha timu ile na kuifundisha mpaka mauti yalipomfika. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya gari la mume wangu, nyuma kidogo ya benchi la wachezaji, pahala ninapokaa siku zote. Nimeyaona yote na nimeyasikia yote. Yaliyosemwa baada ya mechi ile hayakuwa kweli, na walioyasema hawakuona haya kuyasema.

Shule niliiacha darasa la sita, Unguja. Mpira sikuuwacha. Kaka yangu alikuwa akinichukua kutazama tangu nilipokuwa mdogo, akinikalisha begani ili nisikanyagwe, na tukirudi nyumbani hunihoji njia nzima: nani kacheza vizuri, nani kamkimbia mwenzake, goli limeingia kwa sababu gani. Nikijibu ovyo hunyamaza. Nikijibu vizuri huniambia, "Ehe, sema tena." Basi nikajifunza kutazama. Hata tulipokuwa watu wazima, huku Omani, wakati wa mapumziko alikuwa akija dirishani kwenye gari, anamsalimu shemeji yake kisha ananiuliza mimi, "Umeonaje?" Wanaume wengine walikuwa wakicheka. Hakuwajali.

Alikuwa na kanuni moja ambayo wengi waliiona ya ukaidi. Uwanjani kwake, amri zote ni kwa Kiswahili. Vijana wenyewe wamezaliwa hapa hapa Ibra, wamesoma kwa Kiarabu na wanataniana kwa Kiarabu. Kiswahili wanazungumza na mama zao, tena nusunusu, utamsikia kijana mzima anasema "viatu yangu." Kaka hakutaka wazungumze kama wazee. Alitaka maneno machache tu: rudi, panda, kati, mpe, wachia. Timu tunazocheza nazo hazijui neno hata moja kati ya hayo, na hiyo ndiyo ilikuwa faida yake. Unamwambia mwenzio la kufanya mbele ya adui, na adui anakutumbulia macho.

Neno kubwa kuliko yote lilikuwa wachia. Mpira unakatizwa kutoka pembeni, unamfikia mtu aliye mbele ya goli. Yeye anaweka mguu kama anayetaka kupiga, mabeki wote wanamrukia, golikipa anaanguka upande wake. Akisikia "Wachia," anatanua miguu na kuuwacha mpira upite, kwa sababu nyuma yake yupo mwenzake, peke yake. Mazoezini kaka yangu aliwarudisha kwenye jambo hilo kila jioni mpaka wakawa wanamnung'unikia. Alikuwa akiwaambia kwamba hataki wafikiri, wakifikiri watachelewa. Neno likisemwa, miguu iwe ishatanuka.

Alikufa Novemba, asubuhi. Alikuwa amevaa kanzu yake ya kazini, akakaa kitandani kufunga saa, akalala. Wavulana wa timu ndio waliochimba kaburi. Matanga, azaa kama wanavyoita huku, yalikwisha siku ya tatu, watu wakaondoka, nami nikarudi jikoni kwangu. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nilichofanya ni kwenda uwanjani kila Ijumaa baada ya Alasiri kama kawaida, na mume wangu, Mungu amlipe, hakuniuliza kwa nini.

Kocha mpya aliyechaguliwa ni mtu mzima, mwenye kazi ya ofisini serikalini, mtulivu, hatukani. Wazee wake walikuwa Tabora kabla ya kuja huku. Sisi wa Unguja na wao wa bara tumekaa mtaa mmoja miaka mingi, tunaozeshana, tunazikana, na tunacheka Kiswahili cha kila mmoja. Wao wanasema sisi tunaimba. Sisi tunasema wao wanatwanga. Sikuwa na neno na yule bwana, na mpaka leo sina neno na moyo wake.

Sasa mechi.

Wapo waliosema tulizidiwa. Hatukuzidiwa. Kipindi cha kwanza Bidiya hawakuvuka nusu ya uwanja ila mara chache. Tulichokosa ni akili. Kocha alimhamisha winga wetu wa kulia, aliyekuwa na mbio kuliko wote, akamweka nyuma akabe, na yule maskini hajui kukaba, anajua kukimbia. Beki wetu wa kati alikuja na viatu vipya vikamkata visigino, akawa anachechemea na asiseme. Golikipa alikuwa mzima. Goli tulilofungwa lilitokana na kona, na mfungaji alisimama peke yake kama anayesubiri teksi, kwa kuwa kila mmoja wetu alidhani mwingine amemshika. Hilo ni kosa la watu wasiopungua watatu, na mmoja wao ni mwanangu wa kuzaa. Nimemwambia.

Na sasa kiungo wetu, anayechezesha timu, ambaye ndiye lawama zote zilimwangukia. Sitamtetea kwa uongo. Anapenda kukaa na mpira. Anainamisha kichwa, anakuwa kama anayetafuta sindano iliyoanguka, na mpaka ainue macho mwenzake ameshakabwa. Kurudi nyuma hakupendi. Mpira uliozaa ile kona, yeye ndiye aliyepokonywa. Kaka yangu alikuwa akimgombeza kwa haya kila wiki, na alikuwa akimpenda kuliko wote kwa sababu, akiinua macho, hakuna katika mkoa huu anayeona pasi kama yeye. Alimlea tangu baba yake kijana alipohamia Maskati na kuoa huko. Kijana alimwita ami na mimi ananiita shangazi, ingawa damu si moja.

Basi ikabaki kidogo mechi iishe. Vumbi limetanda, jua limeshuka juu ya mitende, watu wanapiga honi. Kijana akachukua mpira kati, kwa mara ya kwanza siku ile akainua macho, akampa yule winga aliyefungiwa nyuma, winga akapanda mbio pembeni akakatiza. Kijana alikuwa ameshakimbia mpaka mbele ya goli. Golikipa wa Bidiya ametoka ameukosa mpira. Goli tupu. Kocha akaruka kutoka kwenye benchi, mikono juu, akapiga ukelele, nami nilikuwa nyuma yake umbali wa kumgusa kama ningetoa mkono dirishani.

"Achia."

Kijana akatanua miguu. Mpira ukapita katikati, taratibu, ukaenda zake mpaka kwenye magari ya upande wa pili. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nani alikuwa hajui kilichotokea? Mimi nilijua papo hapo, na nilitazama huku na huku nikidhani kila mtu anajua. Kwa mtu wa bara, achia ni piga, vurumisha, toa shuti. Kwetu sisi, na kwa mtoto aliyefundishwa na kaka yangu, achia na wachia ni neno moja, na maana yake ni mwachie mwenzio. Yule alisema piga. Huyu alisikia wacha. Wote wawili walikuwa wakizungumza Kiswahili.

Lakini hakuna aliyelisema hilo. Refa alipomaliza mechi watu waliingia uwanjani na nilisikia waliyokuwa wakiyasema, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na wao hawakunihesabu. Mmoja alisema mtoto kazidi maringo, alitaka kuwafurahisha wapiga picha. Mwingine, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, niliyemlisha nyumbani kwangu mara ngapi sijui, akasema jambo ambalo lilipita mtaa mzima kabla ya Isha. Kijana alikuwa amechumbia Bidiya, msichana wa watu, na mahari yalikuwa bado hayajakamilika.

"Mahari kalipa leo," akasema yule mzee, "kalipa kwa miguu."

Wakacheka. Walifungwa na wakacheka. Nilimtazama kijana. Alikuwa amekaa chini pale pale mbele ya goli, na Bidiya wanashangilia wakimruka kama jiwe. Hakuna mtu wetu aliyemwendea. Kama kaka yangu angekuwa hai angemwendea, angemgombeza, na angemwinua. Nilimwambia mume wangu twende tukamchukue. Akapeleka gari mpaka katikati ya uwanja, na kijana akaingia nyuma.

Njiani nikamuuliza alisikia nini. Akanijibu, Kiswahili chake kimechanganyika kama kawaida.

"Shangazi, miye nilijua nyuma hakuna mtu. Wallah nilijua. Lakini yeye kasema achia, miguu ikawacha. Miye sikuiambia."

Mume wangu akapunguza mwendo. Tukamteremsha mlangoni kwa mama yake.

Siku ya pili tukasikia kwamba wakubwa wa timu watakutana Jumapili kwenye sabla, ule ukumbi wa wanaume pale karibu na falaji, mfereji wa maji ya mashamba, waamue kama kijana atolewe kwenye timu. Kutolewa si jambo dogo. Kijana hakuwa na kitu kingine cha kujivunia. Alikuwa akipanga mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi, baba yupo na hayupo, na watu wa Bidiya wasingemwoza binti yao kwa mtu aliyefukuzwa na mtaa wake kwa khiyana. Neno khiyana, kwamba kawauza wenzake, ndilo walilokuwa wakilitumia. Mama yake alikuja kwangu akalia. Nikamwambia asilie, anywe chai, na mimi nilikuwa nimekasirika kiasi cha kuiunguza ile chai.

Kwenye sabla mwanamke haendi. Sikutaka kwenda. Nilimtaka mume wangu akaseme.

"Nikaseme nini?" akaniuliza. "Wamekaa watu wazima, wanamhukumu mtu kwa khiyana, miye niinuke nizungumze habari ya achia na wachia?"

"Ndiyo."

"Watanicheka."

"Wache wakucheke. Si wamekwisha kumcheka yatima wa baba aliye hai?"

Akavaa kofia yake akaenda. Aliporudi alikuwa na uso ambao sikuweza kuusoma, nikamwekea kahawa na tende na kumwacha aanze mwenyewe.

Alisema yule mzee wa mahari ndiye aliyefungua mazungumzo, na akasema mengi. Kisha mume wangu akainuka akasema lile neno. Kocha, kwa moyo safi kabisa, akasema, "Ndiyo, nilisema achia. Achia ni piga. Mtoto wa darasa la kwanza Tabora analijua hilo." Mzee mmoja wa Unguja aliyekuwa anasinzia pembeni akafumbua macho akamuuliza, "Bwana weye, achia ni kumwachia mtu kitu. Weye ulimwachia nani?" Basi wakaanza. Watu wa bara wakasema redio zote zinasema ameachia shuti. Watu wa Unguja wakasema redio siku hizi zinasema kila kitu. Mmoja akataja mbwa: ukimwambia mtu achia mbwa, mbwa anakwenda au anabaki? Mwingine akauliza kama mbwa alikuwa anacheza namba ngapi. Vijana waliokuwa wakipitisha kahawa, waliozaliwa hapa, wakawa wanawatazama wazee wao wakibishana kwa lugha ambayo wao wanaelewa nusu yake, na wakawa wanaulizana kwa Kiarabu kuna nini. Kelele zikapanda mpaka mwadhini akaadhini.

"Na kijana?" nikamuuliza.

Kijana abaki. Hana khiyana, kosa ni la neno. Hilo walilikubali wote, hata yule mzee, ingawa hakuomba radhi na wala hakuna aliyemwambia aombe. Nikamshukuru Mungu. Mume wangu akanyanyua kikombe, akakirudisha bila kunywa.

"Lakini wamekubaliana na jingine. Toka leo uwanjani ni Kiarabu tupu, pasiwe na kukosana."

Sikulala vizuri, na kulipokucha hasira ilikuwa imenizidi kuliko siku ya mechi. Kanuni ya kaka yangu ilikuwa imezikwa kwenye sabla, na anayetajwa kuwa sababu ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyelipeleka lile neno. Nilimsikia mpwa wa mume wangu akisema mke wa mjomba ndiye aliyetuletea Kiarabu. Si kweli. Mimi niliwapelekea ukweli ili wamwondolee mtu dhuluma. Wao walikuwa na njia nyepesi: kocha ajifunze neno moja. Neno moja tu. Mtu anayejua kupanga mafaili ya wilaya nzima asingeshindwa na wachia. Lakini ilikuwa rahisi zaidi kwao kuitupa lugha nzima kuliko kumwambia mtu mwenye cheo kwamba hapa tunasema hivi.

Kocha mwenyewe alikuja nyumbani wiki ile ile, kunipa pole upya, nadhani mume wangu alimdokeza. Alikaa ukumbini, mimi nikakaa karibu na mlango wa jikoni. Akasema kwa upole, "Dada, ile siku imeniuma. Sikuwa na nia ya kumponza mtoto. Ndiyo maana tumeona tuseme Kiarabu, iwe wazi kwa wote."

"Kwa wote, na hao tunaocheza nao?"

Akatabasamu kidogo. "Hilo nalo lipo."

"Marehemu hilo ndilo alilokuwa akilikimbia."

"Najua, dada. Lakini niambie kweli. Hawa wadogo wanaoingia sasa, Kiswahili wanakijua?"

Nilitaka kumjibu. Nilimfikiria mwanangu wa mwisho, ambaye nikimwita huitikia "Naam, mama," kisha hunijibu yote kwa Kiarabu. Alichosema yule bwana ni kweli, na mimi ndiye mama. Akanywa kahawa yake, akaaga, akamwombea kaka yangu pepo. Nikaitika amin. Hasira haikupungua. Nilikasirika zaidi, kwa kuwa sasa hata adui wa kumshika sikuwa naye.

Ijumaa ya kufuatia tukacheza na timu iliyotoka Sur. Kijana alikuwepo, kapewa nafasi yake ile ile. Wakwe zake wa Bidiya walikuwa hawajaondoka kwenye neno lao, na hilo lilikuwa limemrudishia rangi usoni. Kabla ya mechi alikuja dirishani akasema shikamoo, nikamwambia marahaba, inua kichwa. Akasema insha'Allah.

Aliinua. Sijamwona akicheza vile kabla wala baadaye. Lakini timu yote ilikuwa kama watu waliovuliwa nguo. Kocha anapiga kelele kwa Kiarabu, rudi, na Sur wanasikia na wanapanda. Panda, na Sur wanarudi. Mara moja akaita "khalliha," ndilo wachia kwa Kiarabu, na beki wa Sur, kijana mwembamba anayecheka, akasimama pale pale mpira utakapofikia, akaupokea kama mtu aliyetumiwa zawadi. Waliokuwa kwenye magari ya Sur wakampigia honi. Wetu wakatazamana. Yule mzee wa mahari alikuwa amekaa kiti cha kukunja mbele ya gari letu, na nilimsikia akisema Kiarabu cha kocha ni kibovu. Nilitaka kushuka nimwambie kitu. Mume wangu akaniwekea mkono juu ya mkono, nikabaki.

Tulikuwa sare, bila bila. Mwishoni winga akakatiza mpira kama ule wa siku ya Bidiya, lakini mara hii kijana alikuwa nyuma, peke yake, hakuna aliyemkaba. Mbele yake, karibu na goli, alikuwa mtoto mpya, wa miaka kumi na saba hivi, mrefu, aliyeingia timu baada ya kufa kaka yangu. Kijana akasahau makubaliano yote ya sabla. Nilimsikia kutoka ndani ya gari.

"Wachia."

Yule mrefu akasimamisha mpira, akageuka, akamuuliza kwa Kiarabu amesema nini. Beki wa Sur akaupiga ukatoka nje, na refa akaangalia saa yake akapuliza filimbi ya mwisho.